Programu Iliyoondoka Kabla ya Tangazo la Buganguzi

Vijana wa chumba cha mitambo, siku mliponiaga kwa keki na saa ya ukutani mlisema niwaandikie machache ya kazini. Haya, nimekaa hapa Nshambya, kibarazani, nimeweka miguu juu ya stuli, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana navyo viliniruka mimi. Nitawaeleza nilivyojifunza kuzima vitu, na kwa nini ndani ya linta yenu, mkaguzi wa programu, kuna kanuni moja yenye jina langu ambayo hamruhusiwi kuigusa.

Kazi niliianzia dukani kwa Bwana Kantilal, aliyekuwa akiuza na kutengeneza redio pale mjini Bukoba. Babu yake alitoka Uhindi, lakini yeye mwenyewe alisema Kihaya kilichonyooka kuliko cha mjomba wangu. Siku ya kwanza alinipa amplifaya aliyokuwa amemaliza kuitengeneza, akaniambia niizime. Nikachomoa waya ukutani. Spika ikapiga puu! kama gunia la kahawa limedondoka kutoka darini, na mteja aliyekuwa mlangoni akainama.

"Umefanya nini?" Bwana Kantilal aliuliza.

"Nimezima, mzee."

"Hujazima. Umekimbia. Kuzima ni kazi, Respisi. Unateremsha sauti, unasubiri, unabonyeza kitufe, waya mwisho."

"Lakini si yote ni sawa, imezimika tu?"

"Muulize spika kama yote ni sawa."

Juma lile lote kazi yangu ilikuwa kuwasha na kuzima. Naamini hakuna binadamu Kanda ya Ziwa aliyezima amplifaya mara nyingi kama mimi. Nikiota, nilikuwa nateremsha sauti. Hata mke wangu aliposema jambo nisilolipenda, mkono ulikuwa unatafuta kitufe.

Baadaye nikaajiriwa kituoni, na sifa yangu kuu ilikuwa kwamba sikuogopa mlingoti. Mlingoti wetu wa wakati ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba ukifika juu unaiona Uganda, na siku zisizo na ukungu unaona na chakula wanachopika. Mtambo wa kurushia matangazo nao ulikuwa na adabu zake. Ulipunguza nguvu kwanza, ukakata umeme mkubwa, ukaiacha feni izunguke mpaka taa za ndani, zile valvu za kukuza nguvu, zipoe, ndipo ukazima. Fundi mmoja aliyekuja kutusaidia alizima kwa mkupuo kwa sababu alikuwa anawahi chakula. Taa zikapasuka, tukakaa kimya hewani hadi vipuri vilipofika. Chakula chenyewe nasikia kilikuwa maharage.

Wakati ule matangazo ya vifo yalisomwa na mtangazaji kutoka kwenye karatasi, mchana baada ya taarifa ya habari, na tena jioni. Ninyi mmezaliwa na simu mfukoni, lakini nanyi mnajua kwamba saa ya vifo ikifika mkoa mzima unanyamaza. Mama anaacha kumenya ndizi, kisu kikiwa hewani. Mtu wetu akifa huzikwa nyumbani, kwenye kibanja chake cha migomba, na ndugu sharti waje. Na ndugu wako Ngara, wako Karagwe, wako visiwani wanavua. Kwa hiyo tangazo lile si habari. Ni mwito. Msomaji wetu alikuwa akikohoa katikati ya jina, analirudia jina lote tangu mwanzo.

Nikiwa na watoto wakubwa ndipo niliporudi shule, masomo ya jioni. Nilikaa dawati moja na binti aliyesoma chekechea na kitindamimba wangu, akinisahihisha hesabu bila huruma yoyote. Mbu wa darasa lile wamehitimu pamoja nami, na sina shaka wao ndio waliopata alama za juu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaunganisha na cheti cha kompyuta, nacho jioni. Hivyo kituo kilipoanza kutumia programu ya kupanga na kurusha matangazo, mimi, fundi wa mlingoti, nikawa ndiye mtu wa kuitunza, pamoja na Projestus, ambaye mnamjua: mwembamba, mwepesi wa vidole, na asiyeamini kitu mpaka abishane nacho.

Programu yenyewe haikuandikwa na sisi. Iliandikwa na kampuni moja ya Dar es Salaam, vijana wakaja, wakaiweka, wakala samaki wetu sato, wakaondoka. Ilifanya kazi vizuri. Iliyapanga matangazo yaliyorekodiwa kwenye foleni, ikayapiga moja baada ya jingine. Na ikitokea kimya hewani kwa muda, mashine nyingine pembeni ilikuwa inaweka muziki wa akiba ili msikilizaji asidhani tumekufa. Tulijivuna nayo sana. Mimi nilijivuna kupita wote, nikawaambia watu kanisani kwamba redio sasa inajiendesha na sisi tunakwenda pale kunywa chai tu.

Mchana mmoja akaingia mwanamke wa makamo, amevaa kitenge cheusi, mkononi ana redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaiweka mezani kwangu.

"Wasibota, waitu," akanisalimia kwa Kihaya, kama kusema mchana mwema, mpendwa wetu. "Hapa nani anahusika na vifo?"

"Inategemea, mama," nikasema, "kama ni kuvitangaza au kuvileta."

Hakucheka. Nikaacha kucheka na mimi, nikamvutia kiti. Alikuwa anaitwa Kokushubira, Ma Koku, mzaliwa wa Buganguzi, ameolewa Kishanda. Alikuwa amekwenda kisiwani kwa binti yake aliyejifungua, mahali ambapo simu haishiki mtandao hata ukipanda juu ya mti, lakini redio yetu inasikika kama mtangazaji amekaa jikoni. Akiwa huko mama yake mzazi akafa ghafla Buganguzi. Nyumbani hawakujua yuko kambi ipi ya wavuvi, wakaleta tangazo kwetu. Likapangwa mchana na jioni, maziko kesho yake. Mtumbwi wa kumvusha ulikuwepo. Angefika.

"Nilisikiliza mchana, nikasikiliza jioni," alisema. "Mimi sijawahi kukosa saa ya vifo tangu niolewe. Walitaja wawili, kisha mkaweka muziki. Nikasema, leo wamekufa wachache, Mungu ashukuriwe. Nikamshukuru Mungu, waitu! Mama yangu yuko ndani amelala, na mimi namshukuru Mungu."

Alirudi bara juma lililofuata akiwa na samaki wa kukaushwa, zawadi ya mama. Alianza kuita salamu tangu barabarani, kwa kicheko, kama alivyozoea. Pale Buganguzi wakamwambia mama ameshazikwa.

"Kaka yangu Lauriani anasema nilisikia nikapuuza. Kwamba niliona mjukuu ni mtamu kuliko mama. Amesema kaburi nikaonyeshwe na huyo aliyenizuia kuja, si yeye. Naliona kutoka barabarani, lile pale kwenye migomba. Lakini huendi kwenye kaburi la mama yako peke yako kama mwizi wa ndizi. Unapelekwa na wa nyumbani."

Nikampeleka kwa meneja. Meneja akafungua kompyuta yake, akageuza skrini upande wetu. "Mama, pole sana. Lakini mfumo unasema limerushwa. Mchana na jioni. Hata kaka yako alipokuja kuuliza tulimjibu hivyohivyo."

"Mfumo unasema," Ma Koku akajibu. "Huo mfumo ulizaliwa na mama yangu?"

Tulichojua ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyelalamika, na hili lilimpa meneja nguvu. Lakini fikirini. Nyumba yenye msiba haiwashi redio. Majirani wote wako msibani. Ndugu wenye simu wameshapigiwa. Katika mkoa huu mzima wenye masikio makali kwa vifo, mtu pekee aliyekuwa akilingoja tangazo lile bila kujua analingoja alikuwa Ma Koku, kisiwani, na redio ya mpira wa baiskeli.

Nilichukua foleni ya siku ile, nikaiweka kwenye kompyuta ya karakana, nikaipiga kama ilivyokuwa. La kwanza likasomwa. La pili likasomwa. La tatu lilikuwa la familia moja iliyorekodi kwa simu na kututumia; mtandao ulikatika njiani, likatufikia faili tupu, lisilo na hata kikohozi. La nne na la mwisho lilikuwa la Buganguzi. Programu ilipofika kwenye lile tupu ikazimika. Yote. Haikusema neno. Mashine ya pembeni ikasikia kimya, ikaweka muziki, mpaka programu ilipowashwa tena kwa kipindi kilichofuata; na jioni ikawa vilevile. Na kwa kuwa programu ilikuwa inaandika "imerushwa" kwa foleni nzima kabla haijaanza kupiga, skrini ya meneja ilikuwa imetabasamu tangu mwanzo.

Ndani ya maandishi ya programu nikaukuta mstari wenyewe, umekaa katika kipande kidogo chenye kazi moja tu, kusoma faili la sauti. Ulisema: ukishindwa kusoma, exit, yaani ondoka, zima programu nzima. Basi. Kibarua wa mlangoni ameona ndoo moja imetoboka, amefunga kiwanda, amekwenda na funguo.

Projestus alisoma begani kwangu. "Tufute huo mstari, Ta Respisi," akasema, kwa ile Ta yetu ya kuheshimu wazee. "Dakika mbili."

"Na mingine?"

"Ipi mingine?"

Ndipo tulipoitumia linta kwa mara ya kwanza kwa hasira. Mnaijua, ile programu inayosoma maandishi ya programu nyingine kabla hazijaanza kazi, kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha mstarini. Ilikuwa na kanuni ya kukamata kila exit, ila ilikuwa imezimwa, nadhani na walewale wala sato. Tukaiwasha. Skrini ikawa nyekundu kama kahawa ya kuvuna. Printa haina karatasi, exit. Saa ya kompyuta imepishana, exit. Jina la mtangazaji limekosa herufi kubwa, exit! Nikamwambia Projestus kwamba programu hii ina milango ya kutokea mingi kuliko uwanja wa mpira, na wa kuingilia mmoja.

Meneja alinionea huruma. "Ta Respisi, umebakiza miezi michache ustaafu. Rekebisha ule mmoja, kunywa chai yako."

"Nitairekebisha yote, ndipo ninywe."

"Na ukistaafu kabla hujamaliza?"

"Basi mtanikuta hapa na fimbo, mnilipe au msinilipe."

Sikuwa natania, na kwangu hilo ni jambo la nadra. Kila asubuhi nilifika, nikachukua exit moja, nikaiuliza: wewe una mamlaka gani ya kuzima redio ya watu? Karibu zote hazikuwa nayo. Kipande kidogo kikikwama, kazi yake ni kusema "nimekwama, na sababu ni hii", kisha kirudishe neno kwa kilichokituma, nacho kwa kilichokituma chenyewe, mpaka lifike kwenye mlango mkuu, kule mwanzo wa programu. Mlango mkuu ndio unaojua foleni nzima. Ndio utakaoamua kuruka faili bovu, kumwashia taa mtu wa zamu, na kuendelea na lifuatalo. Na kama kweli ni lazima kufunga, unamaliza tangazo linalosomwa, unaandika kilichorushwa na kisichorushwa, unafunga mafaili, unataja sababu, ndipo unaondoka. Pale mlango mkuu, na hapo tu, exit inaruhusiwa.

Projestus alibishana, na ubishi wake ulikuwa na akili, lazima niseme. "Mzee, kuna makosa ambayo kuendelea nayo ni hatari zaidi. Programu iliyochanganyikiwa afadhali ife mapema kuliko kurusha upuuzi hewani."

"Ife. Lakini ifie mlangoni, imetuita, imesema inaumwa nini. Isifie chumbani huku redio inapiga dansi."

"Na kipande kikiona hatari kubwa?"

"Kipige kelele kubwa. Kupiga kelele sijakataza. Unanijua."

Akakubali kwa mdomo. Vidole vyake vikawa havijakubali. Akawa anaweka pembeni ya mistari ile alama ya kuiambia linta ipuuze hapa. Naifuta asubuhi, jioni imerudi. Naifuta, anairudisha. Tulikuwa kama wenye mashamba jirani wanaosogezeana mipaka. Mwishowe nikaipanga linta ikatae alama yoyote ya kupuuza kwa kanuni ile, na programu yenye exit mahali pasipo pake isipokelewe kabisa.

"Hata ikiwa ni wewe?" akauliza.

"Hata mimi. Hata askofu akija ameshika fimbo yake."

Hapo akacheka, akavuta kiti, na zile zilizobaki tulizimaliza pamoja. Mbili kati yake alizigundua yeye. Zilikuwa zimejificha chini ya jina jingine na linta ilikuwa inazipita. Ndiyo maana kanuni ile, mliyoipa jina langu, leo ina mikia yote ile mnayoilalamikia.

Wakati huo Ma Koku alikuwa bado hajapelekwa. Meneja aliandika barua ya kuomba radhi, nzuri, yenye mhuri. Ma Koku akaipeleka Buganguzi. Ta Lauriani akamwambia barua hata yeye anaweza kuandikiwa, mjini kuna watu wanachapa chochote. Akarudi kwangu na barua yake.

"Niende nikawaonyeshe," nikamwambia meneja.

"Uwaonyeshe nini? Ubovu wetu? Mbele ya kijiji?"

"Huohuo."

"Sitatoa gari la kituo kwa jambo hilo."

"Pikipiki zipo. Ukitaka kunizuia, uje ukae mbele ya gurudumu."

Hakuja kukaa. Nilisafiri na kompyuta kifuani na spika mgongoni, nikashuka Buganguzi nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Walikuwa wamekusanyika uani, ndugu na wazee. Nikapewa kahawa ya kutafuna, nikatafuna. Ta Lauriani, mtu mpana, mwenye sauti ya chini, alikaa mbele yangu. Ma Koku alikaa mbali, upande wa jikoni, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Nikawaeleza kwa kifupi, nikaiwasha ile programu ya zamani na foleni ya siku ile. Tangazo la kwanza likasomwa. La pili. Kisha kimya.

Wakasubiri. Mzee mmoja akasema, "Betri imekwisha."

"Betri ni nzima, waitu. Ndivyo ilivyofanya."

Muziki ukaingia, dansi la kuchezea harusi, pale uani kwa wafiwa. Kijana mmoja akacheka, akapigwa kiwiko. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Kumbe Koku alisema wawili, halafu muziki."

"Umeitengeneza wewe hii," Ta Lauriani akaniambia. "Amekubembeleza, umekuja kumtetea."

"Ta Lauriani, mimi nina akili za shule ya jioni. Nikitengeneza uongo, nautengeneza mzuri. Huu ni mbaya mno kuwa wangu."

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama spika.

"La kwetu liko wapi?"

"Nyuma ya faili tupu. Foleni haikulifikia, mchana wala jioni. Halijawahi kusikika popote."

"Lipige."

Nikaifungua programu mpya, kwa foleni ileile. La kwanza likasomwa, la pili likasomwa. Kwenye lile tupu taa ikawaka pembeni ya skrini, ikaandikwa kwamba faili hili halina sauti, mtu wa zamu aliangalie. Na programu ikaendelea. Sauti ya mtangazaji wetu ikajaa uani:

"Familia ya Buganguzi inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Ma Anastela. Maziko ni kesho alasiri, nyumbani kwake. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote, na hasa binti yake Kokushubira, popote alipo visiwani. Koku, kaka yako anasema uje. Hatutaanza bila wewe mpaka jua lituzidi."

Mtangazaji huwa haongezi maneno yake. Yale yalikuwa ya Ta Lauriani, aliyasema mwenyewe dawatini kwetu alipoleta tangazo. Alikuwa ameinamisha kichwa sasa, anakisugua kwa kiganja. Baadaye niliambiwa kweli walingoja, jeneza likiwa nje, kila mtu anatazama barabara ya ziwani, mpaka kiza kikaanza kuwakaribia.

"Maawe," alisema Ma Koku, akimwita mama yake.

Akainuka upande ule wa jikoni, akakaza kitenge kiunoni.

"Nimesikia," akasema, kwa sauti ya kuitikia mtu aliye nyumba ya pili. "Nimesikia, kaka. Nakuja."

Ta Lauriani alikuwa ameshasimama. Akatangulia migombani bila kumtazama mtu, na kila penye jani lililoinamia njia alilishika juu kwa mkono mpaka dada yake alipopita.